Kiungo cha Waya Chini ya Maji

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimepata kazi. Nimempiku Chacha. Nayaandika kwa mpangilio huo ili nionekane mtu wa heshima, lakini la pili ndilo lililonifanya niongeze sukari kwenye chai.

Kazi yenyewe ni kwenye duara la Mama Eustace, shimo la dhahabu nje kidogo ya Katoro. Kina mita thelathini na nne. Pampu ya kuvuta maji ilizimika jana. Waya mkubwa unaoshuka hadi kwenye pampu umechanwa na jiwe, mita tatu juu ya chini kabisa, mahali panapokaa majini saa zote. Maji yale si ya kunywa. Yana ukali wa miamba, yana tope linalosugua kama msasa. Tepu nyeusi ya kawaida hudumu humo siku chache.

Chacha, fundi umeme mwenye banda mkabala na langu, alimwambia Mama Eustace anahitaji siku tatu: kukausha waya, kuagiza vifaa Mwanza, kuunga, kupima. Mimi nikasema kesho, kabla ya alasiri. Nikaongeza kuwa kazi za namna hiyo nilizifanya miaka kumi na moja kwenye kinu cha pamba kule Shinyanga. Miaka kumi na moja ni kweli. Kazi za namna hiyo ndizo si kweli. Kinuni nilibadilisha balbu na kusoma magazeti ya meneja akishayamaliza.

Dawa ni mpira wa kusinyaa. Karatasi ya maelezo nimeisoma mara nne. Ni mrija wa mpira mgumu. Unauvisha kwenye waya, unaupasha moto, unasinyaa mpaka unabana kama ngozi. Ndani una gundi, na moto ukiipata inayeyuka na kuziba kila upenyo. Seti moja ina mirija minne midogo, mmoja kwa kila uzi wa ndani, na mmoja mkubwa wa kufunika yote. Katoro nzima ilikuwa na seti moja. Ninayo mimi. Chacha hana.

Jambo moja linanikera. Zamoyoni, mume wa binti yangu Zuhra, anachimba katika duara hilo. Waya ukivujisha umeme majini, yeye na wenzake saba wamesimama katika maji hayo hayo. Sikulikumbuka nilipokuwa namjibu Chacha.

Jumanne, 5 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nianze na mazuri. Pampu na waya wake vilikuwa vimeshavutwa juu. Mirija minne midogo: safi. Niliivisha, nikaziunga nyuzi, nikazibana kwa plaizi, nikairudisha mirija juu ya maungio, nikaipasha kwa moto wa gesi. Ikasinyaa. Gundi ikachungulia pembeni kidogo, kama karatasi ilivyosema. Watu walikuwa wamenizunguka. Nikawaeleza kila hatua, kwa sauti ya mwalimu. Chacha naye alisogea. Alitazama mikono yangu, kisha simu ikamwita, akaondoka. Namshukuru Mungu kwa simu hiyo.

Kwa maana baada ya hapo nilitaka kuikagua kazi yangu. Nikaingiza mkono mfuko wa shati kuchukua miwani. Humo, pamoja na miwani, nikakuta mrija mkubwa. Niliuweka hapo asubuhi ili nisiusahau.

Mrija mkubwa ni lazima uvishwe kabla ya kuunga. Sasa huku kuna pampu, kule kuna mita thelathini na kitu za waya na kisanduku cha umeme. Hauingii popote. Ilinipasa kukata kila kitu na kuanza upya, na mirija midogo ilikuwa imekwisha.

Mtu mwaminifu angesimama na kusema. Mimi niliomba maji ya kunywa. Watu walipogeuka, nikauchana mrija kwa kisu kutoka juu hadi chini, nikauzungusha kwenye waya, nikaupasha moto. Ukafunuka kama ganda la ndizi. Nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani mara moja kuchukua kifaa maalumu. Nikarudi na kifaa maalumu: tyubu ya baiskeli, nimeikata ukanda mrefu. Nikaukaza ukanda kuzunguka ule mrija, juu yake tepu nyeusi, tabaka baada ya tabaka. Kiungo kikawa kinene kama mguu uliofungwa bandeji.

Maganga, msimamizi wa duara, aliuliza mbona kimenenepa. Nikasema ndivyo tulivyofanya kinuni. Wakakishusha. Pampu ikawaka. Maji yakatoka. Mama Eustace akaniletea chai mwenyewe, kwa mikono yake. Nimeinywa yote.

Jumatano, 6 Novemba

Zuhra alikuja na uji. Aliuliza nani amechomoa tyubu ya gurudumu la nyuma la baiskeli yake aliyoiacha kwangu. Nikasema mji huu umejaa wezi. Akasema wezi wa mji huu huondoka na baiskeli nzima.

Kisha akanipa habari njema. Maji yamepungua sana kwa kazi yangu. Kesho Zamoyoni na wenzake wanashuka mpaka chini kabisa, ambako hawajafika tangu mvua ya kwanza. Zamoyoni anasema waya ule umeungwa na baba mkwe, kwa hiyo yeye haogopi.

Niliuweka uji kando, nikatafuta koti.

Shauri la kwanza. Nilikwenda kwa Mama Eustace, nikamwambia kitaalamu pampu yoyote iliyoungwa upya hutolewa baada ya saa arobaini na nane kwa ukaguzi. Nilivaa koti. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema jana jioni wameona mkanda wa dhahabu kwenye mwamba, na pampu ikisimama maji hupanda mita moja kila nusu saa, kwa hiyo haitasimama hata kama mimi mwenyewe nikishuka kuivuta. Tena akanikumbusha kwamba kiungo changu nilikidhamini miaka mitano.

Sikumbuki kusema miaka mitano. Lakini ni jambo ninaloweza kabisa kulisema.

Alipokuwa ananisindikiza akaniomba hisani: Chacha naye afundishwe ule mtindo wa kinuni.

Alhamisi, 7 Novemba

Shauri la pili. Baya kuliko la kwanza.

Nilijiambia: pampu ikizimika yenyewe watalazimika kuivuta juu, na ikishafika juu nitakirekebisha kiungo kimya kimya. Nikaenda mapema. Kisanduku cha umeme kina fyuzi tatu. Nikachomoa moja, nikaitia mfukoni. Pampu ikanguruma, ikanyamaza. Nikasimama mbali nikijifanya kutazama mawingu.

Maganga alikuja. Ni Msukuma wa upande wa Kahama, huniita guku, yaani babu. Akaniamkia, akafungua kisanduku, akaona pengo. Hakuita fundi. Alichukua kipande cha waya wa shaba, kinene kama kidole cha mtoto, akakibandika mahali pa fyuzi. Pampu ikawaka. Dakika tatu, hazikuzidi. Akaniambia kwa furaha kwamba hiyo haitakatika tena.

Na ni kweli. Fyuzi hukatika ili mtu asife. Shaba ile haikatiki. Nilikuwa na kiungo kibovu chenye mlinzi, sasa nina kiungo kibovu kisicho na mlinzi, na mlinzi mwenyewe yuko mfukoni mwa suruali yangu. Nilimwambia Maganga ile shaba ni hatari. Akacheka. Akasema wazee tunapenda kuogopa. Zamoyoni na wenzake wakashuka, jioni wakapanda salama.

Nimefikiria kumwendea Chacha. Nimefika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anapasha mrija mmoja kwa ile bunduki yake ya hewa ya moto, taratibu, akianzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki ndani. Nikamuuliza kama ana chumvi. Akanipa chumvi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilitoka Lindi mwaka 1979 kwa mkataba wa miaka miwili. Kinu kikafungwa, nikaenda Maganzo kutafuta almasi, sikupata, nikaja huku kwenye dhahabu. Kwa hesabu yangu mkataba umepitiliza miaka arobaini na mitatu. Nalitaja kwa sababu moja tu. Miaka yote hii nimewatazama wachimbaji wanavyoziamini ndoto, na nimewacheka kimoyomoyo, mimi mtu wa vitabu. Leo baada ya sala ya Ijumaa nimeota.

Yaani nimesema nimeota.

Nilimwendea Maganga, nikamwambia nimeona maji meusi yakipanda ndani ya duara, na waya ukijinyonganyonga kama nyoka. Nilitia mkazo kwenye waya. Nilidhani atasema: basi tuutoe tuutazame.

Maganga alivua kofia. Akawaita wote. Akawasimulia ndoto yangu vizuri zaidi nilivyoisimulia mimi. Baadaye akanieleza desturi yao, ambayo katika miaka yote hii sikuwahi kuisikia: ndoto ya duara haisimamishi kazi, kwani maji kwenye ndoto huenda yakawa ni mali. Lakini aliyeota ndiye anayelinda. Anakaa mdomoni mwa duara, mkono mmoja kwenye kamba, tangu mtu wa kwanza anaposhuka hadi wa mwisho anapopanda. Siku tatu za kazi.

Nikauliza kama mzee wa miaka sabini na mmoja anaweza kuwakilishwa. Wakasema ndoto haiwakilishwi.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya kwanza ya ulinzi. Nimeketi kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Juu turubai, chini shimo.

Zamoyoni alipita kushuka. Akasema shikamoo baba. Nikasema marahaba. Nikataka kuongeza maneno kama matatu hivi: usishuke leo, mwanangu. Akatabasamu, akasema wenzake wanamwonea wivu kwa kuwa na mkwe anayewaotea. Kisha kofia yake ikapotea gizani. Nimezihesabu taa za vichwani: nane.

Nilijaribu kuiongeza ndoto. Nilisema nimekumbuka sehemu nyingine: ngazi ya kamba iachwe imening'inia mpaka chini, isikunjwe. Wakakubali mara moja. Nikapata moyo. Nikasema na sehemu nyingine tena: shaba iondolewe kwenye kisanduku cha umeme. Maganga akakunja uso. Akasema ndoto za wazee hazijui mambo ya umeme. Nikaona nimevuka mpaka.

Basi nikaomba kiti changu kisogezwe karibu na swichi kuu, kwa sababu ya jua. Wakanisogezea. Mkono wa kushoto uko kwenye kamba. Wa kulia nauweka juu ya swichi na kujifanya naegemea. Nimekaa hivyo tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Naijua pampu ile sasa kuliko nilivyomjua mke wangu, Mungu amrehemu. Inaimba noti moja, nzito kidogo. Kila ikisita nami moyo unasita.

Jumapili, 10 Novemba

Duara limepumzika. Mimi sikupumzika. Nimekwenda kulitazama hata hivyo. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Nimesimama chini ya turubai nikisikiliza pampu.

Chacha alipita na mwavuli. Aliniuliza naogopa nini. Nikasema mtu akiota huogopa. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema yeye huogopa akiunga.

Jumatatu, 11 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu. 

Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Taa nane zimeshashuka. Pampu inaimba. Halafu noti ikashuka. Si sana. Kama mtu anayeongea aliyemeza mate. Waya ukatikisika juu ya gogo lililolazwa mdomoni mwa duara, mara moja, mara ya pili. Nikasikia harufu ya mpira ukiungua. Sikufikiri kitu. Nilivuta swichi chini kwa mikono yote miwili, kiti kikaanguka, mimi nikaanguka juu yake, nikainuka na kuligonga rimu la gari wanalolitumia kama kengele. Niligonga mpaka nyundo ikanitoka.

Maganga akaja mbio akifoka kwa nini pampu imezimwa. Nikamwambia watu watoke. Akaniona uso, hakubishana.

Wakaanza kupanda kwa ile ngazi ya kamba, ambayo siku zote hukunjwa. Mmoja. Wawili. Watano. Maji yakisikika chini yakichemka kwa kupanda. Saba. Nikasubiri wa nane. Nikaangaza tochi. Nikaona maji meusi, jinsi nilivyowadanganya kwamba nimeyaona. Nikamwita Zamoyoni kwa jina lake, kisha kwa jina la mama yake, kisha nikaita tu.

Alitokea na drili ya Mama Eustace mgongoni. Alikuwa amerudi kuichukua. Kilo ishirini! Nilimpiga kofi, kisha nikamshika kichwa. Alisema wote miguu iliwawasha majini kwa muda mfupi kama wameng'atwa na siafu, halafu ikaacha. Hiyo "halafu ikaacha" ni pale nilipovuta swichi. Chacha amekifungua kisanduku baadaye. Fyuzi mbili zimekatika. Shaba iko vilevile, inang'aa. Bila swichi ingeendelea kupeleka umeme majini mpaka jioni.

Chacha ndiye aliyeuvuta waya juu. Watu wote wamezunguka, Mama Eustace mbele. Akakitoa kiungo changu topeni, akakipasua kwa kisu. Tepu. Ukanda wa tyubu. Mrija mkubwa uliochanwa, umefunuka, umejaa tope jeusi. Ncha ya jiwe ilikuwa imetafuna mpaka kwenye mrija mmoja mdogo na kuutoboa. Mingine mitatu ilikuwa safi.

Akaushika ule mrija mkubwa mkononi. Akaupitisha kidole kwenye mchano, ambao ulikuwa umenyooka kama rula. Jiwe halichani namna hiyo. Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Akawaambia watu kwamba jiwe limekata waya. Basi.

Walipotawanyika kumshangilia Zamoyoni, alinisogelea.

"Mzee wangu, uliukumbuka lini?"

"Nilipotafuta miwani."

"Mimi nimewahi kuusahau mara tatu. Ya tatu nililia, nikakata kiungo chote, nikaanza upya." Akanikabidhi ule mrija. "Kamwambie Mama Eustace mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Nikamwahidi.

Jumanne, 12 Novemba

Zuhra amekuja bila uji. Aliketi. Alikuwa na ukanda wa tyubu mkononi, ameuokota kule dampo la duara. Ukanda una kiraka cha rangi ya machungwa alichokibandika mwenyewe mwezi wa nane.

"Baba, hukuota."

Nilikitazama kile kiraka.

"Kulikuwa na mume wangu humo chini."

Alisema hayo tu, kwa sauti ya chini, na ni heri angefoka. Nilimwambia yote, tangu karatasi ya maelezo hadi fyuzi. Alilia kidogo, akacheka kidogo kwenye habari ya chumvi, akalia tena. Kisha akaniapisha mambo mawili: niungame kwa Mama Eustace, na nisiguse waya wowote bila Chacha kusimama pembeni. Nikaapa. Nikachukua mkaa nikaandika ukutani, herufi za kiganja kizima: MPIRA KWANZA, KUUNGA BAADAYE.

Mchana nikaenda kuungama. Mama Eustace alikuwa na wageni. Aliponiona alisimama, akawaambia huyu ndiye mzee aliyeokoa watu wanane kwa ndoto. Nikasema, mama, mimi ndiye niliyesababisha. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema wenye maono huwa wanyenyekevu. Nikafungua mdomo tena. Wakaniwekea sahani ya wali na kuku.

Naona nimeungama. Kama hawakuelewa, si kosa la aliyeungama. Chacha ameanza kuunga waya upya, kwa siku tatu zake zile zile. Fyuzi nimeirudisha. Maganga ameniuliza nimeipata wapi. Nimemwambia nimeiokota.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku ya utulivu. Nimelala vizuri mara ya kwanza baada ya juma zima. Nimejifunza. Mtu akifika umri wangu na bado anajifunza, ni neema.

Asubuhi alikuja Marcel, mwenye karasha la kusaga mawe njia ya kwenda Geita. Waya wa karasha lake umekatika kwa mtikisiko. Amesikia habari zangu. Chacha yuko Mwanza kwa vifaa. Nilimweleza Marcel kwamba nimeapa kutogusa waya bila Chacha. Akasema karasha halina maji wala shimo, ni vumbi tu. Nikatafakari. Kiapo kilihusu waya wa majini, ukikitazama kwa makini. Na Chacha aliniachia seti mpya ya mirija nimtunzie, jambo ambalo ni sawa na kusimama pembeni.

Kabla ya kuondoka nilisoma ukuta. Nikausoma tena kwa sauti. Mirija midogo nikaitia kwenye mkoba. Mkubwa nikauweka peke yake, mahali salama, karibu na moyo, ili safari hii nisiusahau kwa vyovyote.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Nilianza katikati kwenda pembeni, kama Chacha. Gundi ikachungulia pande zote nne. Marcel alisema hajawahi kuona mkono mtulivu namna hii. Nikataka kuikagua kwa karibu. Nikaingiza mkono mfuko wa shati kuchukua miwani.

Nimemwomba Marcel asiliwashe karasha mpaka kesho. Ameuliza kwa nini. Nimemwambia nitalala mapema leo, nahisi kuna ndoto iko njiani.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Zuhra. Tukazungumza habari za mvua. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama baiskeli yake imeshapata tyubu mpya.